Barua ya wazi kwa wakuu wa radiolojia: katazo pekee halimlindi mgonjwa

Waheshimiwa wakuu wa idara za radiolojia, viongozi wa vyama vyetu vya kitaaluma na wasimamizi wa hospitali,

Ninawaandikia nikiwa daktari wa radiolojia ninayesoma picha za ndani ya mwili, kama za eksirei, na kuwafundisha madaktari wachanga kuzisoma, kuhusu jambo ambalo kwa muda mrefu mno limeachwa mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Katika idara nyingi, sera nzima ya mitandao ya kijamii ni sentensi moja inayokataza kuweka picha za wagonjwa mitandaoni. Baada ya sentensi hiyo hakuna maelezo, hakuna mafunzo, wala hakuna mtu wa kuulizwa. Wakati huohuo picha zinapita kila siku katika makundi ya WhatsApp, wakuu wa zamu wakiwa wanachama wa makundi hayo, na kila mmoja wetu anajua. Ombi langu ni kwamba matumizi ya mitandao ya kijamii yatambuliwe kuwa sehemu ya kazi ya radiolojia, yawe na kanuni, vifaa, muda na uwajibikaji, kwa sababu katazo lisilofuatwa halimlindi mgonjwa, na wanaolitii ni walewale ambao wangezungumza kwa uangalifu.

Fani yetu ilianza kwa kusambaza picha. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895, akapiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, tarehe 22 Desemba, na siku ya kwanza ya mwaka 1896 akawatumia wanasayansi wenzake kwa posta nakala za makala yake pamoja na picha. Haikupita wiki habari ikawa imetoka gazetini mjini Vienna, na mwaka uleule madaktari wa nchi nyingi walikuwa wakitafuta risasi na mifupa iliyovunjika kwa kutumia mashine walizojiundia. Röntgen hakuchukua hataza ya ugunduzi wake. Tabia ya kumwonyesha mwenzako ulichokiona haikuletwa na simu za mkononi. Imo ndani ya kazi yenyewe tangu siku zake za mwanzo. Lakini picha ile ya kwanza ina onyo lake pia, kwa kuwa pete ya Anna Bertha inaonekana wazi kidoleni, na tangu wakati huo dunia nzima inajua mkono ule ni wa nani.

Faida ya kusambaza elimu kwa njia hii ni kubwa, na ninasikitika kila ninaposikia mitandao ikizungumzwa katika vikao vyetu kama uovu mtupu. Radiopaedia, tovuti ya visa na makala za radiolojia iliyoanzishwa mwaka 2005 na daktari wa radiolojia wa Australia, Frank Gaillard, imewafikia bila malipo wanafunzi ambao hospitali zao hazina mashine ya MRI, inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, wala mwalimu wa ubongo na mishipa ya fahamu. Visa vya kufundishia vinavyowekwa mitandaoni, pamoja na maswali ya chemsha bongo na mijadala inayofuata, vinamwezesha daktari aliye mafunzoni kuona ndani ya wiki moja magonjwa ambayo katika hospitali yake angeyasubiri kwa miaka. Mwanzoni mwa mwaka 2020, hospitali za Italia zilipokuwa zimezidiwa na wagonjwa wa UVIKO-19, chama cha radiolojia cha nchi hiyo kiliweka hadharani visa vya wagonjwa vilivyoondolewa utambulisho, na wenzao wa nchi nyingine wakajifunza sura ya ugonjwa huo katika mapafu, yaani ukungu uliotawanyika pembezoni mwa mapafu yote mawili, kabla wagonjwa wao wenyewe hawajaanza kufika.

Katika majuma hayohayo, wazo kwamba kipimo cha CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, kitumike kuwachuja watu wenye virusi lilienea mitandaoni kwa kasi ileile. Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR, kilitoa tamko tarehe 11 Machi 2020 kwamba CT isitumike kuchuja watu wala kuwa kipimo cha kwanza cha kutambua ugonjwa huo. Hapa pana mfano ninaotaka muuangalie kwa makini. Tamko lilikuwa fupi, lilitoka mapema, na lilikuwa na jina la chombo kinachoaminika, hivyo daktari wa kawaida aliyeulizwa na mgonjwa au na mkurugenzi wake alikuwa na kitu cha kuonyesha. Ni vyama vingapi kati ya vyetu vina mtu aliyepewa mamlaka ya kuandika tamko la namna hiyo ndani ya siku mbili bila kusubiri kikao cha robo mwaka?

Sasa nije kwenye faragha ya mgonjwa, ambayo ndiyo sababu inayotajwa kila katazo linapoandikwa, na ambayo kwa maoni yangu inatetewa kijuujuu. Wengi wanaamini kwamba ukikata kona yenye jina, picha imekuwa salama. Faili ya DICOM, muundo unaotumika duniani kote kuhifadhi picha za tiba, hubeba ndani yake jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa, jina la hospitali, na siku na saa ya kipimo. Picha za ultrasaundi mara nyingi huwa na jina lililochapwa juu ya picha yenyewe, na haliondoki kwa kufuta taarifa za faili peke yake. Hata haya yote yakiondolewa, bado kuna maelezo tunayoyaandika sisi wenyewe chini ya picha: umri, kazi ya mgonjwa, namna ajali ilivyotokea, na neno “leo asubuhi”. Ajali iliyotangazwa katika taarifa ya habari ya jana haihitaji jina ili ndugu wa marehemu aitambue picha ya fuvu la ndugu yake.

Kuna hatari nyingine ambayo sijaiona katika mwongozo wa idara yoyote niliyopitia. Mwaka 2019 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walionyesha kwamba sura ya mtu inaweza kuundwa upya kutokana na picha za MRI za kichwa, kisha programu ya kawaida ya kutambua nyuso ikailinganisha na picha za watu. Kati ya watu 84 walioshiriki, programu ilimtambua mtu sahihi kwa asilimia 83. Maana yake ni kwamba kipimo kizima cha kichwa kikipakiwa mtandaoni kwa ajili ya kufundishia, bila kuondoa ngozi ya uso, ni karibu sawa na kupakia uso wenyewe. Daktari mchanga anayefanya hivyo kwa nia njema hana kosa kubwa kuliko sisi ambao hatukumfundisha.

Ridhaa nayo tunaichanganya. Mgonjwa aliyekubali kupimwa hakukubali kuonyeshwa kwa watu elfu kumi, na saini aliyoweka akiwa na maumivu katika chumba cha dharura haiwezi kubeba uzito huo. Ridhaa ya kweli humweleza kwamba picha ikishatoka inaweza kunakiliwa na kamwe isirudi, kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika hata kidogo, na kwamba anaweza kubadili mawazo kabla haijatumwa. Fomu ya namna hiyo si ndefu. Ukurasa mmoja katika lugha anayoielewa mgonjwa unatosha. Ninasisitiza hili zaidi kwa picha zinazowekwa ili watu wacheke, hasa za vitu vilivyoingia mwilini. Mtu aliyefika hospitalini akiwa na aibu na maumivu, akatuamini, hastahili kugeuzwa kichekesho hata kama jina lake limefutwa kabisa, maana yeye mwenyewe akiiona ataijua. Kuhusu picha hizi sitaki mwongozo wenye nafasi ya mjadala. Ninataka katazo, na ninataka lisimamiwe.

Makundi ya WhatsApp ni jambo jingine, na hapa ndipo ukimya wenu unapoumiza zaidi. Daktari wa zamu ya usiku ana mgonjwa mwenye kifua kinachombana, mtaalamu wa radiolojia hayupo, na njia pekee aliyo nayo ni kuipiga picha skrini kwa simu na kuituma. Anafanya hivyo kwa ajili ya mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa hufaidika. Lakini angalieni kinachopotea njiani. Picha ya CT kwa kawaida huhifadhiwa kwa biti 12, yaani ngazi 4,096 za rangi ya kijivu, ilhali picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256, na programu ya ujumbe huibana tena kabla ya kuituma. Anayeipokea hawezi kubadilisha mwanga ili aone mapafu kisha aone mifupa, hawezi kupanda na kushuka katika vipande mamia vya kipimo, wala hawezi kukilinganisha na kipimo cha mwaka jana. Hewa nyembamba iliyovujia kati ya pafu na ukuta wa kifua, au ufa mdogo wa mfupa, hupotea kirahisi kabisa katika hali hiyo. Jibu analoandika, “naona kama sawa”, haliingii katika jalada la mgonjwa. Kesho likileta utata, hakuna ripoti, hakuna saa, hakuna jina la aliyewajibika. Picha yenyewe imeshajihifadhi katika simu za watu arobaini na katika nakala rudufu za mtandaoni ambazo wenye simu hawazikumbuki, zikiwamo simu za waliokwisha kuhama kazi.

Kumwambia daktari huyo “usitumie WhatsApp” bila kumpa njia nyingine ni kumtaka achague kati ya kanuni na mgonjwa, na sote tunajua atachagua nini, na tunaomba achague hivyo. Kinachotakiwa ni mfumo wa hospitali wa kutazama picha kwa mbali, wenye nywila na kumbukumbu ya nani alitazama nini, unaofunguka kwenye simu bila kuhifadhi picha ndani yake, na wenye mahali pa kuandika maoni ya awali yatakayoingia katika rekodi. Najua mifumo hiyo ina gharama, na najua bajeti zinavyobanwa. Hata hivyo, mpaka mfumo upatikane, zipo hatua zisizohitaji fedha: kundi dogo lenye msimamizi anayejulikana, jumbe zinazojifuta, marufuku ya kuandika jina la mgonjwa, na sharti kwamba kila maoni yaliyotolewa humo yathibitishwe kwa ripoti rasmi mtaalamu akifika mbele ya skrini yake.

Mpaka hapa nimezungumzia tunayoyatuma sisi. Wagonjwa wetu wanayoyasoma yananitia wasiwasi vilevile, na humo sauti ya wataalamu ni hafifu. Daktari wa radiolojia ni mtu ambaye mgonjwa hukutana naye mara chache sana. Husikia jina lake mwishoni mwa ripoti, au hasikii kabisa, na wengi hawatofautishi kati yake na mtaalamu aliyempiga picha. Pengo hilo hujazwa na yeyote mwenye wafuasi wengi. Mwaka 2011 ilibidi ACR na chama cha wataalamu wa picha za matiti watoe tamko kupinga madai yaliyokuwa yakisambazwa kwamba mamografia, yaani eksirei ya matiti, inasababisha saratani ya tezi ya thairoidi na kwamba kila mwanamke adai kikinga shingo cha madini ya risasi. Tamko lilieleza kwamba mionzi inayoifikia tezi hiyo katika mamografia ni sawa na ile ambayo mtu huipata kutoka katika mazingira ya kawaida kwa muda wa nusu saa, na kwamba kikinga hicho kinaweza kuziba sehemu ya picha na kulazimisha ipigwe tena. Dai lile bado ninaulizwa na wagonjwa, na wanaoniuliza hawajawahi kuliona tamko.

Upande wa pili wa hofu ni tamaa. Vipimo vya MRI vya mwili mzima vinatangazwa mitandaoni na watu mashuhuri kwa watu wasio na dalili yoyote, ingawa ACR ilieleza mwezi Aprili 2023 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuvipendekeza kwa watu wasio na dalili, sababu za hatari au historia ya ugonjwa katika familia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la JAMA Network Open ulichunguza machapisho 982 ya Instagram na TikTok kuhusu vipimo vitano vya namna hiyo, MRI ya mwili mzima ikiwa mojawapo. Asilimia 87 yalitaja faida, asilimia 15 tu ndiyo yaliyotaja madhara, na asilimia 68 ya waliochapisha walikuwa na maslahi ya kifedha. Sisi tunaosoma vipimo hivyo tunajua kinachofuata: kivimbe kidogo kisicho na maana kwenye figo au kwenye tezi, kisha kipimo kingine, kisha sindano ya kuchukua kinyama, na miezi ya hofu katika nyumba ambayo haikuwa na mgonjwa. Nani amwambie mtu huyu kabla hajalipa?

Jibu letu kwa mambo haya linaweza kuwa jepesi na la kweli. Mtaalamu anaweza kueleza kwa dakika moja kwamba MRI na ultrasaundi hazitumii mionzi inayoweza kudhuru chembe za mwili kama eksirei. Kwamba kila mtu duniani hupokea kwa wastani millisieverti 2.4 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka kutoka katika mazingira ya asili. Kwamba eksirei ya kifua ni takriban 0.1 au pungufu, ilhali CT ya tumbo inaweza kufika 8 au 10. Na kwamba kwa sababu hiyo daktari mzuri huuliza kwanza kama kipimo kinahitajika. Watu hawahitaji kutishwa wala kubembelezwa. Wanahitaji namba na maana yake. Wapo wenzetu wanaofanya kazi hii usiku, baada ya zamu, bila malipo na bila shukrani, na baadhi yao wameitwa ofisini kujieleza kwa sababu tu walionekana kwenye video. Wanawake na vijana ndio wanaotukanwa zaidi wakijitokeza, na idara zao hukaa kimya. Hili linaniuma.

Niongeze neno kuhusu namna tunavyotendeana sisi kwa sisi. Imekuwa kawaida kuweka picha yenye mshale, pamoja na ripoti ya mwenzetu aliyepitwa na ugonjwa, kisha kualika watu washangae. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, madaktari wa radiolojia 24 walipewa CT za mapafu watafute vivimbe, na katika kipimo kimoja watafiti waliingiza picha ya sokwe yenye ukubwa mara 48 ya kivimbe cha wastani. Madaktari 20 hawakumwona, na wengi kati yao macho yalipita palepale alipokuwa. Hivyo ndivyo uoni wa binadamu unavyofanya kazi mtu anapokuwa anatafuta kitu kingine, na anayeoneshwa picha ikiwa na mshale hana haki ya kumcheka aliyeisoma usiku bila mshale. Makosa yajadiliwe katika vikao vya idara vilivyowekwa kwa kazi hiyo, ambako mtu anaweza kusema ukweli bila kuogopa.

Mitandao inaamua pia nani atakuja kuifanya kazi hii. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mwanasayansi mkubwa wa akili mnemba, alisema hadharani kwamba watu waache kuwafundisha madaktari wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, huenda kumi, kompyuta zingewashinda. Kipande hicho cha video bado kinazunguka, na wanafunzi wa udaktari hunijia nacho. Uhaba wa madaktari wa radiolojia haukwisha. Katika nchi nyingi kazi imeongezeka kuliko wasomaji. Kijana anastahili kusikia maelezo haya kutoka kwa wanaofanya kazi yenyewe, wakimwonyesha programu hizo zinasaidia wapi na zinakosea wapi. Na pale mtaalamu anapoisifia programu au mashine mitandaoni huku akilipwa na kampuni inayoiuza, kanuni zimlazimishe aseme hivyo mwanzoni, kama anavyolazimishwa akihutubia mkutano wa kisayansi.

Ninachoomba, basi, kinaanza na vyama. Andikeni mwongozo unaotekelezeka, na muuandike pamoja na wanaotumia mitandao hiyo, wakiwamo wapiga picha za mionzi na madaktari walio mafunzoni, maana mwongozo ulioandikwa na watu wasiowahi kufungua akaunti utabaki kwenye kabati. Wekeni ndani yake namna ya kuondoa utambulisho hatua kwa hatua, fomu ya ridhaa, na muda wa kusubiri kabla kisa hakijachapishwa, ili kisihusishwe na tukio la juzi. Wakuu wa idara wahesabu saa za kuelimisha umma kuwa saa za kazi, na wazizingatie katika kupandisha vyeo kama wanavyozingatia mihadhara. Wasimamizi wa hospitali walete mfumo salama wa picha, na wamteue mtu mmoja ambaye daktari anaweza kumpigia kabla ya kuchapisha, bila kuogopa kwamba kuuliza kwenyewe kutageuzwa kosa. Na mfanyakazi akishambuliwa mitandaoni kwa kusema jambo sahihi la kitaalamu, taasisi yake isimame naye hadharani kwa jina lake.

Tangu mwaka 2012 tarehe 8 Novemba imekuwa Siku ya Kimataifa ya Radiolojia, na kila mwaka tunaiadhimisha kwa mabango na picha za pamoja. Naomba ya mwaka huu itanguliwe na majibu yenu ya maandishi kwa barua hii, yaliyo wazi kwa wote, yakitaja tarehe ya kutolewa kwa mwongozo na jina la ofisi itakayopokea maswali.

Wenu katika taaluma,

Daktari wa radiolojia na mwalimu wa madaktari walio mafunzoni